Historia ya Chembe ya Chumvi

Siku ya mnada wa mifugo, Oldonyiro huamka kabla ya jua. Wachungaji hutoka pande zote, Wasamburu kwa Waturkana, kila mmoja akiswaga mbuzi, kondoo au ng'ombe wake, na wafanya biashara huja kwa malori kununua. Jua linapofika utosini fedha zimekwisha kupita mkono hadi mkono, na mama aliyemwuza mbuzi wake mmoja hushika njia ya dukani. Hununua unga wa mahindi, sukari na majani ya chai. Na mwisho kabisa, kama kitu alichokuwa karibu kukisahau, hununua pakiti ya chumvi. Katika vyote alivyonunua, chumvi ndiyo iliyompunguzia fedha kidogo kuliko vyote, na ndiyo asiyoifikiria sana. Hata hivyo, msomaji, pakiti ile ina historia ndefu kuliko njia ya kutoka Oldonyiro hadi pwani. Katika historia hiyo wamo wagonjwa waliovimba shingo, matabibu waliokosea na kukiri makosa yao, na watoto wa shule waliokuwa mashahidi wa ugunduzi mkubwa. Limo pia swali ambalo mama yule ana haki ya kuliuliza: chakula ninachowapikia watoto wangu kitawapa nguvu ya mwili na akili, au kitawashibisha tu?

Oldonyiro iko upande wa magharibi wa Kaunti ya Isiolo, penye mpaka wa Laikipia na Samburu. Jina lake ni la Kimaa, lugha ya Wasamburu na Wamasai, ambamo oldoinyo maana yake ni mlima. Ni nchi ya vilima na migunga, yenye mvua haba. Mto mkubwa wa upande ule ni Ewaso Nyiro, unaoshuka kutoka nyanda za Laikipia na kwenda zake mashariki hata kupotea katika vinamasi vya Lorian. Katika nchi kama hiyo jembe halimfai mtu kitu. Kwa hiyo wenyeji wake waliwafanya wanyama kuwa shamba lao: ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo hula majani ambayo mwanadamu hawezi kuyala, nao huyageuza kuwa maziwa, nyama na damu. Maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula kikuu. Mtoto alilelewa kwayo, moran alipata nguvu kwayo, na mzee alizeeka nayo.

Chakula hiki kiliwashangaza wageni waliokuja na vitabu vyao. Mwaka wa 1931 ilichapishwa London taarifa ya wataalamu wawili, John Boyd Orr na J. L. Gilks, waliolinganisha afya ya Wamasai, ndugu wa Wasamburu kwa lugha na desturi, na afya ya Wakikuyu. Wamasai walitegemea maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walitegemea zaidi nafaka, viazi na kunde. Kwa wastani mwanamume mzima wa Kimasai alionekana kumzidi mwenzake wa Kikikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Lakini kila upande ulikuwa na maradhi yake. Wakulima walisumbuliwa zaidi na maradhi ya mapafu, upungufu wa damu na kuoza kwa meno. Wafugaji walisumbuliwa zaidi na kufunga choo na maumivu ya viungo. Wanahistoria waliokuja baadaye, kama Cynthia Brantley, waliikosoa taarifa ile. Walionyesha kwamba haikutosha kutazama chungu peke yake: mtu aliyenyang'anywa ardhi hali kwa kupenda, na njaa ya ukoloni haiwezi kuitwa desturi ya kabila. Hilo ni onyo jema kwa kila asomaye historia ya chakula. Ukitaka kujua mtu anakula nini, uliza kwanza amebakiwa na nini.

Uchunguzi wa pili ulikuwa karibu zaidi na Oldonyiro. Mwaka wa 1962 tabibu A. G. Shaper, aliyekuwa akifundisha Makerere, Kampala, alichapisha habari za mioyo ya Wasamburu. Huko Ulaya na Marekani wataalamu walikuwa wameanza kusema kwamba mafuta ya wanyama huziba mishipa ya damu na kuua moyo. Wasamburu walikunywa maziwa mengi ajabu, na mafuta waliyoyapata humo yalikuwa mengi kupita ya mtu wa London. Kama kanuni ile ingekuwa imekamilika, wangekuwa watu wa kufa ghafula kila siku. Shaper alikuta kinyume chake. Walikuwa wembamba, mafuta katika damu yao yalikuwa machache, na shinikizo la damu yao halikupanda kwa kadiri walivyozeeka, kama lipandavyo kwa watu wa mijini.

Habari hii ina mkia wake, na mkia huo ndio unaotupeleka kwenye chumvi. Mwaka wa 1969 Shaper na wenzake walieleza yaliyowapata vijana wa kuhamahama wa kaskazini walioandikwa katika jeshi la Kenya. Huko kambini walipewa posho ya askari: chakula tele cha kupikwa, chenye chumvi nyingi kuliko waliyoizoea nyumbani. Haukupita muda mrefu shinikizo la damu yao likaanza kupanda. Vijana walikuwa wale wale, damu ya ukoo ilikuwa ile ile, bali chungu kilibadilika. Basi mwanafunzi angeweza kusema, "Nimekwisha elewa. Chumvi ni adui, tuiache." Na hapo angekosea kosa kubwa, kwa maana katika sehemu nyingine za dunia, na za Kenya yenyewe, chumvi ndiyo iliyowaokoa watu wasiohesabika. Ili tufahamu jinsi kitu kimoja kinavyoweza kudhuru na kuokoa, hatuna budi kuitazama shingo ya mwanadamu.

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Wataalamu wa Kiswahili huiita dundumio. Kazi yake ni kutengeneza maji maji yaitwayo homoni, ambayo huingia katika damu na kuuamrisha mwili wote kasi ya kufanya kazi yake. Mfano wake ni mtu aketiye jikoni akisukuma kuni mekoni. Akizisukuma polepole mno, moto hufifia: mtu huona baridi wakati wenzake wanaona joto, huchoka bila kufanya kazi, ngozi hukauka, choo hufunga, moyo huenda polepole, fikira huwa nzito, na mwili huongezeka uzito ingawa chakula hakikuongezeka. Akizisukuma upesi mno, moto huwaka kwa fujo: mtu hutoka jasho, mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio, usingizi humruka, naye hukonda ingawa anakula kwa pupa. Homoni hizo hazitengenezwi pasipo iodini, ambayo katika Tanzania imezoeleka kuitwa madini joto. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 tu za madini hayo kwa siku, na mama mwenye mimba ahitaji kama 250. Ni kidogo mno: mahitaji ya miaka 70 hayajazi kijiko kimoja cha chai.

Lakini kidogo hicho kikikosekana, tezi hujitahidi. Hutanuka ili iweze kukamata kila chembe ya madini ipitayo katika damu, na kutanuka huko ndiko tukuonako kwa macho na kukuita rovu. Rovu lenyewe mara nyingi haliumi, na kwa hiyo watu wengi walilidharau. Kuna nchi lilikoonekana kuwa jambo la kawaida, hata asiye nalo akaonekana wa ajabu. Hatari kubwa haikuwa katika shingo ya mama, bali katika tumbo lake. Mtoto aliyepungukiwa na madini haya kabla ya kuzaliwa aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, asisikie vizuri, asikue kimo, na hasara hiyo hairudishwi na dawa yoyote baada ya hapo.

Kwa nini nchi nyingine zikose madini hayo na nyingine ziwe nayo? Sababu iko katika maji. Kwa maelfu ya miaka mvua na barafu ziliosha udongo wa milimani na kuyachukua madini hadi baharini. Bahari hurudisha sehemu yake kwa upepo na mvua, lakini milima iliyo mbali hupata kidogo mno. Ndiyo sababu rovu lilipenda kukaa katika milima ya Alps ya Ulaya, Himalaya ya Asia na Andes ya Amerika ya Kusini, na katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Watu wa kale hawakujua sababu hii, lakini walikuwa na macho. Wachina walitumia mwani wa bahari kutibu rovu tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka wa 1811 Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akichoma mwani ili kupata chumvi ya kutengenezea baruti, aliona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda kutoka katika chombo chake. Mvuke huo ulikuwa iodini. Mwaka wa 1820 tabibu Jean-François Coindet wa Geneva alifikiri kwamba pengine kitu hicho ndicho kilichokuwa dawa ndani ya mwani, akawapa wagonjwa wake wa rovu, na wengi wakapata nafuu. Lakini habari njema hukimbia kuliko akili. Watu wakanunua dawa na kuinywa bila kipimo. Wengine wakashikwa na mapigo ya moyo, wakakonda na kutetemeka, na dawa ikapata jina baya kwa miaka mingi. Kosa halikuwa la dawa. Lilikuwa la kiasi.

Wengine walishika njia ya kisu. Theodor Kocher wa Bern, katika Uswisi, alikuwa bingwa wa kuondoa marovu hata wagonjwa wake wachache sana wakafa mikononi mwake, jambo lililokuwa la ajabu kwa zama zile. Hata hivyo mwaka wa 1883 aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani ili awatazame. Wengi wa wale aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamevimba nyuso, wamekuwa wazito wa mwendo na wa fikira. Kocher hakulificha jambo hilo. Aliliandika wazi, akaacha kuiondoa tezi nzima kwa sababu ya rovu, na mwaka wa 1909 akapewa Nishani ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Tumsifu kwa mkono wake uliokuwa mwepesi. Lakini tumsifu zaidi kwa ulimi wake uliokiri.

Kutokana na kosa lile mlango ulifunguka. Ikiwa kukosa tezi humfanya mtu kuwa hivyo, je, akipewa tezi ya mnyama hatapona? Mwaka wa 1891 tabibu George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama mmoja mwenye umri wa miaka 46 kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule aliyekuwa amevimba na kulegea akarudiwa na nguvu, akaishi miaka 28 zaidi, akafa mwaka wa 1919. Katika muda huo dawa yake ilihitaji tezi za kondoo zaidi ya 800. Mfugaji wa Oldonyiro ataelewa upesi hesabu hiyo: ni mazizi mengi kwa maisha ya mtu mmoja. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1914 Edward Kendall, katika Marekani, alifanikiwa kuitenga homoni yenyewe, na baadaye ikatengenezwa katika viwanda. Leo mgonjwa humeza kidonge kidogo kila asubuhi, na kondoo wanabaki zizini.

Hayo yalikuwa matibabu. Kinga ilikuwa jambo jingine, na ushahidi wake ulitolewa na watoto wa shule. Mwaka wa 1917 David Marine na O. P. Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule za Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani, dawa kidogo ya iodini mara mbili kwa mwaka. Wasichana 2,190 waliitumia, na 5 tu kati yao tezi zao zilikua. Wengine 2,305 hawakuitumia, na kati yao 495 tezi zao zilikua. Baada ya hesabu hiyo ubishi ulikuwa mgumu. Jambo lililobaki lilikuwa njia ya kumfikia kila mtu, maskini na tajiri, aliye karibu na hospitali na aliye mbali. Katika miaka ya 1830 Mfaransa Boussingault, aliyekuwa Amerika ya Kusini, alikwisha kushauri kwamba watu wapewe chumvi yenye madini hayo, lakini hakusikilizwa. Sasa alisikilizwa. Uswisi ilianza mwaka wa 1922, na jimbo la Michigan, Marekani, mwaka wa 1924. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu rahisi: kila mtu huila, huila kila siku, na hakuna awezaye kuila nyingi kupita kiasi kwa tamaa.

Katika Afrika Mashariki rovu lilikuwa na makao yake ya zamani. Lilionekana sana katika nyanda za juu za Kenya, katika milima ya kusini ya Tanzania upande wa Mbeya na Iringa, na katika milima ya Kongo ya mashariki. Kisiwa cha Idjwi, kilicho ndani ya Ziwa Kivu, kilipata umaarufu usiopendeza katika miaka ya 1960, wataalamu F. Delange na A. M. Ermans walipokichunguza. Upande wa kaskazini wa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini magharibi walikuwa wachache sana, ingawa pande zote mbili zilipungukiwa na madini. Tofauti ilikuwa nini? Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo. Muhogo mchungu una sumu ambayo, usipolowekwa na kukaushwa vizuri, huingia mwilini na kuizuia tezi isikamate madini machache yaliyopo. Wahenga waliowafundisha binti zao kuuloweka muhogo siku kadhaa hawakujua neno homoni, lakini kazi yao ilikuwa ya hekima.

Kenya ilitunga kanuni mwaka wa 1978 iliyolazimisha chumvi ya kuliwa na watu itiwe iodini. Chumvi nyingi ya nchi hutoka katika mabwawa ya pwani ya Kilifi, upande wa Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari huachwa yakauke kwa jua. Kutoka huko husafirishwa hadi bara, na nyingine huvuka mipaka kwenda Uganda na nchi za mbele yake. Tanzania nayo ilianza kwa kuwagawia watu wa milimani vidonge vya mafuta yenye madini joto katika miaka ya 1980, kisha ikaamuru chumvi itiwe madini hayo katika miaka ya 1990. Matokeo yalionekana. Katika Kenya uchunguzi wa mwaka wa 1994 uliwakuta na rovu 16 kwa kila mia ya waliopimwa; uchunguzi wa mwaka wa 2004 uliwakuta 6. Hawakujenga hospitali mpya kwa ajili hiyo, wala hawakuwakata watu shingo. Walitia chembe katika gunia, na kilo moja ya chumvi yahitaji miligramu 20 hadi 40 tu.

Sasa turudi Oldonyiro. Wafugaji wameijua thamani ya chumvi kabla ya serikali yoyote. Mchungaji ajuaye kazi yake hupeleka wanyama penye udongo wa chumvi, maana ng'ombe asiyelamba chumvi hukonda na maziwa yake hupungua. Katika kasoko ya Magado, upande wa milima ya Nyambene, watu wamechimba chumvi ya mifugo tangu zamani, na huko kusini mwa Ethiopia Waborana huichimba ile nyeusi ya El Sod. Lakini chumvi ya ng'ombe si chumvi ya mtoto. Ile ichimbwayo na kuuzwa bila kupita kiwandani haikutiwa madini. Rangi yake yaweza kuwa nyeupe, ladha yake yaweza kuwa kali, lakini ulimi hauwezi kuonja iodini. Mama anayeitia chunguni kwa kuwa ni rahisi huokoa senti chache na kupoteza kitu asichokiona.

Zamani kosa hilo lingekuwa na hatari ndogo, kwa sababu maziwa yenyewe huwa na sehemu ya madini hayo kwa kadiri wanyama walivyoyapata katika malisho, chumvi na maji yao. Lakini maziwa hayako tena kama yalivyokuwa. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vilipunguza sana mifugo katika Isiolo. Ukame wa 1984 uliua, ukame wa 2009 uliua, na kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika kaskazini ya Kenya. Kila ukame ulipopita, nyumba nyingine zilibaki na mbuzi wachache pale palipokuwa na ng'ombe. Mwanachuoni Jon Holtzman, katika kitabu chake cha 2009 juu ya chakula cha Wasamburu, ameeleza jinsi ugali na chai ya sukari vilivyoshika nafasi ya maziwa, na jinsi wazee wanavyovila kwa shukrani na huzuni pamoja. Tumbo hujaa, lakini ugali mtupu hauna kitu cha kuilisha tezi ile, wala sukari haina. Hapo pakiti ya chumvi, ambayo babu hakuihitaji sana, imekuwa mlinzi wa mjukuu.

Twaona sasa kwamba habari ya askari na habari ya rovu hazipingani. Ya kwanza yatufundisha kwamba chumvi nyingi hudhuru. Ya pili yatufundisha kwamba chumvi tupu haitoshi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofurika, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Kiasi hicho kidogo, kikiwa kimetiwa madini kama itakiwavyo, chatosha kuilisha tezi. Basi kanuni ni fupi: chumvi iwe kidogo, nayo iwe ile iliyotiwa madini. Pakiti ifungwe vizuri na kuwekwa mbali na jua na unyevu, na chumvi itiwe chunguni chakula kinapokaribia kuiva, maana madini hayo hupungua kwa joto na muda. Maziwa, mayai na samaki viongezwe kila vinapopatikana, na mboga na kunde vifuatane na ugali.

Wapo watakaosoma haya na kudhani kwamba kila unene na kila uchovu hutoka shingoni. Sivyo. Watu wengi walionenepa wamenenepa kwa sababu ya sukari, mafuta na kukaa kitako. Na wengi waliochoka wamepungukiwa na damu au usingizi. Tena si kila ugonjwa wa tezi hutokana na chakula. Robert Graves wa Dublin alieleza mwaka wa 1835, na Hakaru Hashimoto wa Japani alieleza mwaka wa 1912, maradhi ya tezi ambayo leo yajulikana kuwa hutokana na mwili kujipiga wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo hataponywa na chumvi, na iodini nyingi yaweza kumzidishia. Wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko Algeria walipata marovu, si kwa kukosa madini, bali kwa kunywa maji yaliyozidi madini. Kwa hiyo aonaye dalili tulizozitaja na aende hospitali akapimwe damu. Akipewa kidonge cha homoni akimeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, asikichanganye na maziwa wala chai, wala asiache kukimeza kwa sababu amejiona mzima.

Kuna na kosa la zamani lililovaa nguo mpya. Tangu mwisho wa karne ya 19 walikuwapo wauzaji katika Ulaya na Marekani waliouza unga wa tezi kwa watu waliotaka kukonda. Walikonda kweli, lakini walikonda misuli pamoja na mafuta, na mioyo ya wengine ilishindwa. Hata leo wapo wauzao vidonge vya kukondesha bila kusema kilichomo ndani. Mwenye mwili mzima akimeza homoni asiyoihitaji hufanana na mtu anayechoma mlango wa nyumba yake ili apate moto wa kupikia. Moto ataupata, usiku ataulizwa na fisi.

Wewe unayesoma insha hii yamkini umezaliwa katika zama ambazo hujapata kumwona mtu mwenye rovu. Hilo lisikudanganye kwamba rovu halikuwapo. Ugonjwa uliozuiliwa hauachi kaburi la kuonyeshwa, na kwa hiyo husahaulika upesi, na kinga yake huanza kuonekana kama gharama ya bure. Tangu moshi wa zambarau wa Courtois hadi kanuni ya Kenya ya 1978 ilipita miaka 167, nayo haikupita bure: watu walifikiri, wakakosea, wakasahihishana. Matunda ya miaka hiyo yote yanauzwa dukani Oldonyiro kwa bei ya chini kuliko robo ya sukari. Siku ya mnada, mama akikutuma, msomee maandishi ya pakiti kabla hajalipa. Kama yasema kwamba imetiwa iodini, mwambie, "Mama, ndiyo hii," na umbebee hadi nyumbani.